Kiungo cha Taya: Kinachokichosha ni Muda Kuliko Ugumu (Sehemu ya Tatu)

Kila Machi 20, Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani inapoadhimishwa, tunahimizwa kupiga mswaki na kupunguza sukari, na kwa ukanda wetu wa Manyara na Arusha tunakumbushwa pia madoa ya floraidi. Yote ni ya kweli, lakini kiungo kinachoyaendesha meno hayo hakitajwi. Magego na mate tulikwisha kuyaeleza katika sehemu mbili zilizopita. Leo msomaji aweke ncha za vidole mbele kidogo ya masikio, kisha afumbue kinywa taratibu. Atahisi kichwa cha taya la chini kikizunguka kwanza mahali pake, halafu kikiteleza kwenda mbele na chini. Kati ya kichwa hicho na mfupa wa fuvu kuna kisahani cha nyuzi ngumu ambacho katikati yake hakina mishipa ya damu wala ya fahamu. Kila upande misuli mitatu hufunga kinywa: wa panja, wa shavu, na mwingine uliojificha upande wa ndani wa pembe ya taya; wa nne, mdogo, hukivuta mbele kichwa cha taya pamoja na kisahani chake. Kitu kisicho na damu hakiponi upesi, kwa hiyo inafaa kujua nini hukichakaza. Wengi husema ni chakula kigumu. Nashikilia kwamba muda wa kutafuna una lawama kubwa zaidi, na ushahidi wa kuanzia umetoka katika ardhi yetu.

Julai 17, 1959, mumewe akiwa amelala kambini mgonjwa, Mary Leakey aliona huko Olduvai fuvu ambalo dunia ililijua kwa jina la Zinjanthropus, lenye umri wa zaidi ya miaka milioni 1.7, ambalo sasa ni hazina ya Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Utosini lina tuta la mfupa, mahali ambapo misuli ya panja ya kushoto na ya kulia ilipanda hadi kukutana; kwetu sisi misuli hiyo huishia pembeni mwa kichwa. Taya la chini halikuonekana. Ilipasa kusubiri hadi 1964, ambapo Kamoya Kimeu, Mkenya mwenye jicho kali ambaye kila mtoto wa shule angepaswa kumjua, alipata huko Peninj, magharibi ya Ziwa Natron, taya la kiumbe wa aina hiyohiyo, zima na meno yake. Kwa magego yale mapana, wataalamu walimwita Zinj mbangua kokwa. Hoja ilionekana imekwisha: nguvu nyingi, basi chakula kigumu. Lakini mwaka 2008 uchunguzi wa mikwaruzo midogo juu ya meno ya jamii hiyo haukukuta vishimo vinavyoachwa na kokwa, na upimaji wa kaboni katika meno ya Olduvai na Peninj ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya mlo ilitokana na mimea ya jamii ya nyasi na ndago, chakula kinachotaka kutafunwa kwa muda mrefu. Misuli ile basi ilijengwa kwa kazi ya kurudiarudia mchana kutwa.

Wazee wetu wa ukoo wa binadamu walichukua njia nyingine. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2016, watafiti wa Harvard waliwapa watu nyama mbichi ya mbuzi na mizizi. Walikadiria kwamba mlo wenye theluthi moja ya nyama, ukikatwa na kupondwa kwa jiwe tu, ungepunguza mitafuno kwa asilimia 17 na nguvu ya kutafuna kwa asilimia 26. Jiwe na moto vilibeba mzigo, nasi tukabaki na taya la kazi fupi. Atakayepinga atanionyesha Wahadzabe wa Yaeda Chini, wilayani kwetu Mbulu, wanaokula mizizi yenye nyuzi ngumu. Ni kweli, ila tazama wanavyoila: huibabua motoni, huimenya, hutafuna utamu wake na kutema makapi; mbegu za ubuyu huzitwanga kwa jiwe. Huo ni ujuzi wa kulipunguzia taya kazi, na tunaowaona Wahadzabe kuwa nyuma tungefaa kujifunza kwao. Makande ya Maretadu vilevile, hata yakiwa hayajaiva sawasawa, huliwa na kuisha, na kiungo kikapumzika.

Mirungi haiishi. Mbali na kukatazwa na sheria ya dawa za kulevya ya 2015, inalipa taya letu dogo zamu ya Zinj kwa saa nyingi, tena upande mmoja. Bigijii ya kutwa na kusaga meno usingizini vinaingia humo humo. Mlio mtupu wa taya usio na maumivu kwa kawaida hauhitaji tiba. Maumivu, au kinywa kugoma kufunguka, yanahitaji mganga wa meno. Na ikitokea mtu amepiga mwayo kinywa kikabaki wazi, kichwa cha taya kimeruka mbele ya kizingiti chake. Daktari atalirudisha kwa kukandamiza magego ya chini kwa vidole gumba, chini kisha nyuma, njia ambayo Wamisri waliiandika kwenye mafunjo yapata miaka 3,600 iliyopita. Nyumbani msilivute wala kulisukuma. Mfikisheni hospitali siku hiyohiyo, maana kadiri saa zinavyopita misuli hukaza na kulirudisha huwa kugumu zaidi.