Waya Unaojua Umekatwa

Msomaji anayejenga Kibaha ameniletea swali ambalo fundi wake anahitaji jibu lake kabla ya plasta. Kuta zimesimama, bati limepigwa, na sasa wanachimbia paipu za umeme. Anataka vihisi milangoni na madirishani, king'ora, kamera chache, na mambo mawili matatu ya kujiendesha: taa za nje ziwake mtu akisogea, pampu ya maji izimike familia ikitoka. Muuza duka amemwambia waya umepitwa na wakati, achukue vihisi vya redio vinavyobandikwa kwa gundi na kazi inaisha asubuhi moja. Fundi umeme anamwambia alaze waya. Amsikilize nani?

Kamera nitazipita haraka. Kila moja ivutiwe waya mmoja wa mtandao, ambao hubeba picha na umeme kwa pamoja hadi mita 100, na hapo sina la kuongeza. Kinachonivutia ni vile vihisi vya milango, kwa sababu humo ndimo lilimo swali lenyewe: nyumba ikiwa kimya usiku, mfumo unajuaje kwamba kimya hicho ni cha amani?

Kengele ya wezi ya umeme ilipewa hataza Marekani mwaka 1853, kwa jina la Augustus Russell Pope wa Massachusetts. Mlango ulipofunguliwa, mzunguko wa umeme ulikamilika na kengele ikalia. Werevu mtupu, lakini mwizi aliyetangulia kukata waya aliingia kwa raha zake. Dawa ikawa kuugeuza mpango: umeme uzunguke muda wote milango ikiwa imefungwa, na kengele ilie pale unapokatika. Sasa kukata waya ni sawa na kufungua mlango. Mwizi naye akajifunza. Alizichuna nyaya mbili kabla hazijafika mlangoni, akaziunganisha, yaani akapiga shoti. Umeme ukaendelea kuzunguka kwa njia fupi, na mlango ukafunguliwa bila kengele kulia.

Kilichomaliza ujanja huo ni rezista, kidude kidogo kama punje ya mchele ambacho bei yake ni ndogo sana. Tuchukue mfano wenye hesabu nyepesi, maana kila mtengenezaji ana tarakimu zake. Ndani ya paneli, lile sanduku linalosimamia mfumo mzima, umeme wa volti 12 hupitishwa kwanza kwenye rezista ya omu 5,600, kisha hutoka kwenda mlangoni kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine. Kule ndani ya fremu ya mlango fundi ameweka rezista mbili nyingine za omu 5,600 kila moja. Ya kwanza iko njiani daima. Ya pili imekaa sambamba na swichi ya sumaku. Mlango ukifungwa, sumaku iliyo kwenye ubao wake huvishikanisha vibamba viwili vya chuma vilivyo ndani ya kichupa cha kioo. Umeme hupata njia ya mkato na kuikwepa rezista ya pili. Mlango ukifunguliwa, vibamba huachana, na umeme hulazimika kupita kwenye zote mbili.

Paneli hupima kitu kimoja tu: volti zilizopo kati ya nyaya hizo mbili. Mlango umefungwa, ndani kuna omu 5,600 na nje 5,600, pande mbili zinagawana sawa, inasoma volti 6. Mlango umefunguliwa, nje kumekuwa na omu 11,200, inasoma volti 8. Waya umekatwa, umeme hauna pa kwenda, inasoma 12. Waya umepigwa shoti, inasoma sifuri. Hali nne kwa nyaya mbili! Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuzikokotoa zote kwa kanuni ambayo Georg Ohm aliichapisha mwaka 1827. Umeme unaotumika mlango ukiwa umefungwa ni kama miliampea 1, usiku na mchana. Na waya mwembamba wa mita 30, kwenda na kurudi, huongeza takribani omu 5 tu, kiasi kisichoweza kuichanganya paneli.

Paneli hiyo ni kama mvuvi wa mshipi aliyeketi kwenye ngalawa usiku: hakioni kilicho chini. Anachokijua ni uzito unaofika kidoleni mwake. Chubwi, kile kipande cha risasi kinachouzamisha mshipi, linaning'inia, na kidole chake kimeuzoea uzito huo kiasi kwamba kila badiliko ni habari. Mshipi ukikatika, uzito unatoweka, naye anajua papo hapo bila kuuvuta. Ukinasa mwambani, unakaza. Samaki akionja, uzito unabadilika kwa kiasi chake maalumu, na mvuvi hawezi kuudhania mguso huo kuwa ni mwamba. Mpe mvuvi huyo huyo mshipi usio na chubwi: ukiwa mzima ni mwepesi, ukikatika ni mwepesi, na kidole hakina cha kusoma. Chubwi halivui samaki. Kazi yake ni kuufanya mshipi uwe na la kusema hata pasipo samaki. Lakini lazima likae mwisho kabisa, kule chini. Ukilifunga juu, karibu na kidole, utasikia uzito uleule usiku kucha, chochote kitakachoupata mshipi majini.

Turudi kwenye rezista. Vitabu vya fizikia vimetupa ukinzani, na kutokana nao wengine wameunda kikinza kwa maana ya rezista. Ni neno zuri kwa rezista zote duniani, ila halisemi kazi ya hizi zinazokaa mwisho wa waya. Mimi kila moja nitaiita chubwi, na ningefurahi mafundi wakilichukua jina hilo.

Hilo la kukaa mwisho nalisisitiza kwa sababu ndilo linaloharibiwa mara nyingi. Fundi mwenye haraka huona ni rahisi zaidi kuyafunga machubwi yote ndani ya sanduku la paneli, ambako kuna mwanga na nafasi. Mfumo utawaka, utalia kwenye majaribio, na mwenye nyumba atalipa. Lakini siku nyaya zikipigwa shoti njiani, paneli itaendelea kusoma volti 6 na kuamini kwamba mlango umefungwa.

Sasa tuvitazame vihisi vya redio kwa jicho hilo hilo. Kihisi cha mlango hutegemea betri ndogo, kwa mfano ile bapa ya volti 3 yenye miliampea-saa kama 220. Kipokezi cha redio kikiwa macho kinaweza kula miliampea 15. Gawanya: betri ingekwisha kwa saa 15 hivi. Ndiyo maana kihisi hulala, na huamka tu mlango unapofunguka ili kupiga ukelele mfupi wa redio. Vile vya bei rahisi vya megahezi 433 havifanyi zaidi ya hapo. Betri ikifa, ni kimya. Mtu akiyajaza mawimbi kelele kwa mtambo wake, ni kimya. Kihisi kikibanduka na kutumbukia nyuma ya kabati, bado ni kimya. Zaidi ya hayo, vingi hutamka msimbo uleule kila mara, kwa hiyo aliyeunasa anaweza kuurudia. Dawa ya kurudiwa ni msimbo unaobadilika kila unapotumwa, na mmoja wa misimbo hiyo iliyoenea sana duniani, KeeLoq, ulibuniwa Afrika Kusini miaka ya 1980.

Vihisi bora vya redio hujaribu kuiga chubwi: huamka kila baada ya muda na kuripoti kwamba bado vipo, na paneli isiposikia ripoti hulalamika. Ukinunua vya redio, uliza swali hilo moja: huripoti kila baada ya muda gani? Muuzaji asiyejua anauza ukelele mtupu. Kumbuka pia kwamba zege lenye nondo na bati hula mawimbi, kwa hiyo kila kihisi kijaribu kule kitakakokaa, mlango wa chuma ukiwa umefungwa.

Kuhusu kujiendesha, mengi anayoyataka msomaji yanawezekana kwa relei, yaani swichi zinazoamriwa na paneli yenyewe. Paneli inayojua hali ya kila mlango kila wakati inaweza kuizima pampu ikiwa na hakika. Na isitegemee intaneti: umeme ukikatika, betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7 hubeba paneli na vihisi vinavyotumia jumla ya ampea 0.2 kwa zaidi ya siku nzima, wakati ruta ya ampea 1 ingeimaliza kwa saa 7 au chini ya hapo.

Kwa hiyo, kwa kuta ambazo hazijapigwa plasta, nasema waya, bila kusitasita. Ni kweli, radi hupenda waya mrefu wa kwenda getini, chumvi ya pwani hula viungio, na mwizi msomi anaweza kuja na chubwi lake mfukoni. Lakini kuna vikinga radi, kuna risasi ya kulehemu, na wezi wa namna hiyo ni wachache. Redio iwe ya mpangaji, ya nyumba iliyokwisha kupakwa rangi, na ya dirisha lililosahauliwa.

Kwa msomaji wa Kibaha: paipu za ulinzi zitenganishwe na za umeme mkubwa, kila mlango uwe na waya wake hadi kwenye paneli, na iachwe paipu moja tupu yenye kamba ndani hadi getini. Kabla plasta haijapigwa, fundi aweke machubwi kila mlango, aende upande wa paneli na mita yake, apime mbele yako. Mlango ukifungwa asome kama 5,600, ukifunguliwa kama 11,200. Halafu mwambie azigusanishe nyaya mbili zinazotoka kwenye paneli, kule mlangoni. Mita isiposoma karibu na sifuri, machubwi hayako mlangoni, na ukuta bado unachimbika.