CHEMBE ZA DAMU ZENYE ALAMA, NA MTIHANI WAKE

Katika somo la Biolojia tumefundishwa kwamba chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili. Palipo na jipu au usaha, huko ndiko zinakokimbilia. Lakini usaha ukijificha ndani ya mfupa au tumboni, daktari atajuaje askari wamekwenda wapi? Nitajaribu kueleza njia mojawapo, na hasa jinsi inavyopimwa ili isimdanganye.

Mwaka 1977 wataalamu wa Hammersmith Hospital, London, walitoa habari za kuzitia chembe za mgonjwa mwenyewe alama ya indiamu-111, kitu chenye kutoa mionzi. Mwaka 1986 ilitoka hospitalini humo habari ya kutumia teknetiamu-99m. Nguvu ya indiamu hupungua kwa nusu katika siku 3 hivi. Ya teknetiamu katika saa 6 tu.

Kazi yenyewe ni hivi. Mgonjwa hutolewa damu, yapata mililita 40 au 50. Chembe nyeupe hutengwa na nyekundu, kisha huchanganywa na dawa yenye mionzi, ambayo hupenya ngozi ya chembe na kunaswa ndani. Halafu hurudishwa mshipani kwa sindano, na kamera maalumu huonyesha zilikokusanyika.

Kabla ya kurudishwa ndipo penye mtihani, nao una maswali matatu.

Kwanza, dawa imeingia kiasi gani? Kichupa huzungushwa kwa kasi katika mashine mpaka chembe zizame chini na maji yabaki juu. Kila sehemu hupimwa mionzi peke yake. Tuseme chembe zina 600 na maji 400. Jumla ni 1,000, basi iliyoingia ni 60 kwa mia. Kwa teknetiamu, jibu kati ya 40 na 80 kwa mia ni la kawaida. Maji yale huondolewa, maana dawa iliyo nje ya chembe ingezagaa mwilini na kuitia picha ukungu.

Pili, chembe zi hai? Tone moja huchanganywa na rangi ya buluu iitwayo tripani, likatazamwa kwa darubini. Chembe hai huikataa rangi. Iliyokufa huingiwa nayo ikawa buluu. Basi huhesabiwa hai ngapi na mfu ngapi.

Tatu, zimeshikamana? Kichupa hutazamwa kwa macho kama mna mabonge, kwa sababu bonge hukwama katika mishipa myembamba ya mapafu.

Labda msomaji atauliza, je, swali la kwanza peke yake halitoshi? Halitoshi hata kidogo. Chembe iliyoumizwa kwa kutikiswa ovyo yaweza kubeba mionzi tele, ikapata hata 80 kwa mia, wala isiweze kusafiri. Itabaki mapafuni au katika ini. Penye usaha hapataonekana kitu, na mgonjwa ataambiwa hana neno, hali mfupa wake unazidi kuoza.

Liko na jambo jingine. Kupima kama dawa imeingiwa na vijidudu huchukua siku kadhaa, na teknetiamu haingoji. Kwa hiyo usafi hulindwa tangu mwanzo: kazi hufanywa ndani ya kabati lenye hewa iliyochujwa. Kadhalika damu hushughulikiwa ya mtu mmoja mmoja, na jina lake husomwa tena kabla ya sindano, kwani kumtia mtu chembe za mwingine ni hatari kubwa.

Wahenga walisema, vyote ving'aavyo usidhani dhahabu. Chembe mfu nayo hung'aa mbele ya kamera sawasawa na chembe hai. Ndiyo maana mtu wa maabara huuliza maswali yote matatu, ingawa saa zinamkimbia.