Kasha la harusi: ufunguo alishika nani?

Kina bibi wengi huku kwetu walikuwa na sanduku lenye kufuli, na ufunguo wake waliufunga kwenye pindo la kanga. Mtoto hakuligusa. Hata babu aliomba kwanza.

Pwani, sanduku hilo lina ndugu yake wa kitajiri. Katika nyumba za zamani za Unguja na Lamu utakuta kasha kubwa la mbao lililopambwa kwa misumari na vibati vya shaba, maarufu kama kasha la njumu. Mengi yaliletwa na majahazi kutoka India. Bibi harusi aliingia nalo kwa mumewe, ndani mkiwa na nguo, manukato na dhahabu. Wageni husifia shaba, lakini maana kubwa iko kwenye kitasa. Kwa sheria ya Kiislamu, mahari na mali aliyokuja nayo mke ni yake, mume hana fungu. Baadhi ya makasha yana hata droo za siri.

Ulaya nako walikuwa na vyao. Katika karne ya 14, mafundi wa Paris walichonga visanduku vidogo vya pembe za ndovu, zawadi za mapenzi na ndoa kwa matajiri. Baadhi vina picha ya ngome: wanawake wako juu ya ukuta, askari wa farasi wanaishambulia, na silaha ni maua ya waridi. Ngome ni moyo wa mwanamke, na vita ile ndiyo kubembeleza. (Mbinga tungemtuma mshenga, tukamaliza.)

Lakini Ulaya hakuna ndovu. Al-Masudi, msafiri Mwarabu aliyefika pwani yetu karne ya 10, aliandika kwamba pembe za huku zilipelekwa Oman, kisha India na China. Watafiti wanaona kuwa baadhi ya pembe zilizochongwa Paris nazo zilitoka Afrika Mashariki, zikipitia Bahari ya Shamu na Misri.

Karne ya 19 biashara hiyo ilifika ziwani kwetu. Misafara ilitoka Ziwa Nyasa hadi Kilwa, mwendo wa wiki nyingi, pembe zikiwa mabegani mwa watu. Wengi wao walikuwa watumwa, wanawake wakiwemo, nao waliuzwa sokoni pamoja na mzigo waliobeba.