MAZOEZI YA GOTI NI NUSU YA TIBA

Wananchi wengi, na hata baadhi ya viongozi, wangali wakidhani kwamba kano ya goti iliyokatika ikisha kufanyiwa upasuaji, kazi imekwisha. Dhana hiyo ni potofu, na hasara yake humwangukia mnyonge.

Tuchukue mfano wa Kifanya, huko Njombe, katika Nyanda za Juu Kusini. Mkulima wa viazi wa huko aliyekatika kano huenda akapelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 600 kutoka kwake. Kisha hurudi kwenye vilima, baridi na njia za utelezi. Hali yake haitofautiani na ya mvuvi wa Micheweni aliyevuka bahari kutafuta tiba. Wote wawili hurejea na kovu lililofunga, na goti ambalo bado halijapona.

Sababu ni wazi. Daktari huchukua kipande cha kano kutoka sehemu nyingine ya mguu, akakipandikiza mahali pa ile iliyokatika. Kipande hicho huhitaji miezi mingi kujijenga, na katika miezi ya mwanzo hulegea kabla ya kuimarika. Wakati huo huo msuli wa paja hunywea upesi. Dawa yake ni mazoezi: kwanza kulinyoosha goti kabisa na kukaza paja, kisha kulikunja taratibu, kuacha magongo, kuinuka kitini na kupanda ngazi, mwisho kusimama kwa mguu mmoja, kukimbia na kuruka. Kwa sehemu kubwa hapahitajiki mashine, bali kiti, kidato na mtu wa kuelekeza. Ama kuhusu sijda na kikao cha tahiyatu, dini yetu imemruhusu mgonjwa kusali kitini, basi asilikunje goti kwa pupa.

Uchunguzi uliotolewa Norway mwaka 1916+100, yaani 2016, ulionyesha kuwa kila mwezi mchezaji aliosubiri, hadi kufikia miezi 9, ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa takriban nusu. Virgil van Dijk wa Liverpool, aliyeumia Oktoba 2020, hakurudi katika ligi hadi Agosti 2021. Nako Sweden, mwaka 2010, vijana 121 walilinganishwa: walioanza kwa mazoezi, upasuaji ukisubiri haja, hawakuwa na hali mbaya kuliko waliopasuliwa mapema, na zaidi ya nusu yao hawakupasuliwa katika miaka miwili.

Kwa hiyo, mazoezi si nyongeza ya tiba. Ni tiba yenyewe. Ni wajibu wa wakuu wa afya, Bara na Visiwani, kuhakikisha kwamba hakuna mgonjwa anayeruhusiwa bila ratiba ya mazoezi iliyoandikwa kwa Kiswahili, na kwamba wahudumu wa zahanati wanafundishwa kuisimamia. Waajiri na vilabu navyo viache kuwahimiza vijana warudi mapema. Fedha iliyotumika katika upasuaji hupotea bure iwapo mguu unaachwa unywee kitandani. Haba na haba hujaza kibaba, na goti nalo hujengwa hivyo hivyo, siku kwa siku.