Kahawa, Chai na Mimba Inayochelewa

Huku kwetu Arusha, kuanzia Terrat hadi Tengeru, ndoa ikitimiza mwaka bila dalili ya mtoto, maswali huanza, na mara nyingi huanzia jikoni. Huyu binti anakunywa nini? Mawifi wana jibu lao: kahawa inakausha mji wa mimba. Basi mke anapewa masharti, aache kahawa, aache chai ya rangi, anywe uji. Mume naye anaendelea na chupa zake za energy pale kijiwe cha bodaboda, na hakuna anayemuuliza kitu.

Hofu hiyo haikuzuka tu. Mwaka 1988 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti wa Allen Wilcox na wenzake wa Marekani, waliofuatilia wanawake 104 waliokuwa wakitafuta mimba. Waliokuwa wakipata kafeini inayozidi ile ya kikombe kimoja cha kahawa kwa siku walionekana kuwa na nusu tu ya nafasi ya kushika mimba kila mwezi, ukiwalinganisha na waliokunywa kidogo. Habari ikaenea dunia nzima. Wanawake 104, hata hivyo, ni wachache, na wapenzi wa kahawa mara nyingi huwa pia wapenzi wa sigara, ambayo madhara yake kwa uzazi hayana ubishi. Wadenmaki walipokuja kufuatilia wanawake zaidi ya 3,600 na kutoa matokeo mwaka 2012, si kahawa wala jumla ya kafeini iliyoonekana kuchelewesha mimba. Iliyotiliwa shaka ni soda, na soda ina mengi ndani yake zaidi ya kafeini.

Kuna waliotafuta sababu ndani ya mwili wenyewe. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nevada waliripoti kwamba kafeini inalegeza misuli ya mirija ya uzazi, ile inayolisukuma yai kuelekea kwenye mji wa mimba. Jambo la kufikirisha, ila ilikuwa mirija ya panya, na panya si mke wa mtu.

Msimamo wangu ni kwamba kikombe kimoja au viwili vya kahawa kwa siku havimnyimi mtu mtoto. Shaka inaanza kuwa na uzito pale kafeini inapofika miligramu 500 kwa siku, yaani kama vikombe vitano vikubwa. Kwa mjamzito, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2015 asizidishe miligramu 200, na Shirika la Afya Duniani linashauri anayepita 300 apunguze. Kwa kuwa mwanamke hukaa wiki mbili tatu na mimba kabla hajajijua, ni busara anayetafuta mtoto ajiwekee kikomo hicho cha 200 mapema.

Sasa 200 ni kiasi gani? Kikombe cha mililita 240 cha kahawa iliyochujwa kina karibu miligramu 95. Chai ya majani kwa kipimo hichohicho ni nusu yake hivi, soda ya kola ya mililita 330 ni kama 35, na energy ya mililita 250 huwa na 80 hivi. Kahawa ya miteremko ya Meru ni arabika. Robusta ya Kagera ina kafeini karibu mara mbili. Na kile kikombe kidogo cha muuza kahawa anayepita na birika lake juu ya jiko la mkaa usikidharau kwa udogo wake, maana kahawa yake imechemka hadi imekuwa nzito.

Ila kahawa yetu nyingi inapanda meli, sisi tunabaki na chai, na hapo ndipo hesabu inapotupotea. Chai ya nyumbani haipimwi. Sufuria inabandikwa, maziwa na maji nusu kwa nusu, majani yanamiminwa kwa kiganja, inaachwa itokote mpaka ishike rangi ya udongo, halafu inamiminwa kwenye kikombe cha bati cha karibu nusu lita. Vikombe vitatu vya namna hiyo, asubuhi, saa nne na jioni, vinaweza kumpitisha mtu miligramu 200 bila kuonja tone la kahawa. Mama mkwe aliyekataza kahawa ndiye huyo anayemwongezea chai.

Chai ina jambo jingine: inazuia mwili kufyonza madini ya chuma. Kama umepewa vidonge vya FEFO, vyenye madini hayo, meza kwa maji, na chai isubiri saa moja au mbili. Na asidi ya foliki, miligramu 0.4 kwa siku, ianze angalau mwezi mmoja kabla ya mimba, kwa sababu mgongo wazi hutokana na hitilafu za wiki za mwanzo kabisa.

Kuhusu mimba kuharibika, ushahidi una uzito zaidi. Utafiti uliofanyika Michigan na Texas ukachapishwa mwaka 2016 ulifuatilia wenzi 344, tangu kabla ya mimba. Mwanamke aliyekunywa zaidi ya vinywaji viwili vyenye kafeini kwa siku katika wiki za kabla ya mimba alikuwa na hatari kubwa zaidi ya kuipoteza, na mume aliyekunywa hivyo alihusishwa na hatari inayokaribia kulingana na ya mkewe. Tafiti za awali zilikuwa na tatizo la kichefuchefu: mimba yenye afya mara nyingi humchukiza mama kahawa, kwa hiyo asiyeacha kahawa huenda mimba yake ilikuwa na kasoro tangu mwanzo. Kupima unywaji wa kabla ya mimba kunapunguza tatizo hilo.

Mwaka huohuo, utafiti mwingine wa wenzi wa Marekani na Kanada ulihusisha energy na soda zenye kafeini anazokunywa mwanamume na mimba kuchelewa. Mbegu za kiume huchukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa, kwa hiyo mwenye kuacha energy leo asitarajie mabadiliko wiki ijayo.

Ninalolihofia zaidi ni muda unaopotea. Miaka inapita katika kubadilisha vikombe, na kumbe mirija imeziba kwa klamidia au kisonono kisichotibiwa, sababu kubwa ya ugumba katika nchi zetu. Kama mke hajafika miaka 35, nendeni hospitali baada ya miezi 12 ya kujaribu. Akiwa amefika, msipitishe miezi sita. Nendeni wote wawili. Kipimo cha mume ni rahisi kuliko vyote na hakimuumizi: akae siku mbili hadi saba bila kutoa mbegu, atumie chombo anachopewa na maabara, na kama amechukulia nyumbani, akiweke mfuko wa ndani wa koti kisipoe na kifike maabara kabla saa moja haijaisha.