Tunza risiti za ploti, zitakuokolea karo kesho

WAZAZI wengi hununua ploti watoto wakiwa wadogo, wakinuia kuiuza wakati wa kulipa karo ya chuo ukifika. Siku ya kuuza ndipo wanapogundua kuwa ushuru unamega fungu kubwa, ilhali wangeupunguza kihalali kama wangejipanga tangu siku ya kununua.

Nchini Kenya, mnunuzi wa ardhi hulipa ushuru wa stempu: asilimia 4 ya thamani mijini na asilimia 2 mashambani. Anayeuza naye hutozwa asilimia 15 ya faida. Hadi mwisho wa 2022 kiwango hicho kilikuwa asilimia 5, kwa hivyo usitegemee hesabu ya jirani aliyeuza zamani.

Neno la kuzingatia ni faida. Kabla ya kutozwa, muuzaji huondoa bei aliyonunulia, ushuru wa stempu, ada ya wakili, gharama za kuiboresha mali kama vile kujenga ukuta, na malipo ya dalali wakati wa kuuza. Sharti ni kuwa na ushahidi wa kila gharama.

Chukua mfano wa familia iliyonunua ploti mjini kwa Sh1.5 milioni na kuiuza Sh3 milioni. Ikiwa na mkataba wa ununuzi pekee, ushuru ni Sh225,000. Ikiwa na risiti za stempu (Sh60,000), wakili (Sh40,000) na ukuta (Sh300,000), ushuru unashuka hadi Sh165,000. Sh60,000 zinabaki nyumbani.

Wapo wanaoshawishiwa kuandika bei ya chini kwenye mkataba ili kukwepa stempu. Mbali na kuwa kosa kisheria, mthamini wa serikali huenda akaikataa bei hiyo. Hata ikipita, hasara humsubiri mnunuzi. Akiandika Sh1 milioni badala ya Sh1.5 milioni, anaokoa Sh20,000 leo. Siku ya kuuza, faida yake itaonekana kubwa zaidi kwa nusu milioni, naye atalipa Sh75,000 zaidi.

Kwa nyumba za kupangisha, kodi ya kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni kwa mwaka hutozwa asilimia 7.5 tangu Januari 2024. Mwenye kupokea Sh30,000 kwa mwezi hulipa Sh2,250, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Hapa gharama haziondolewi. Mwenye mkopo mkubwa wa benki au ukarabati mwingi anaweza kuiandikia Mamlaka ya Ushuru (KRA) aombe kutozwa kwa mfumo wa kila mwaka, ambao huondoa gharama kwanza. Piga hesabu zote mbili kabla ya kuchagua.

Sheria pia ina nafuu kwa familia. Kuhamisha mali kati ya mume na mke hakutozwi stempu. Nyumba ambayo mwenyewe ameishi mfululizo kwa miaka 3 kabla ya kuiuza haitozwi ushuru wa faida.

Fungua faili moja ya kila mali na uweke humo mkataba, risiti na stakabadhi za benki. Risiti za mashine hufifia, kwa hivyo zipige picha siku hiyo hiyo na umtumie mwenzako nakala. Huenda yeye ndiye atakayeuza.