Ngorongoro: Simba Ndiye Aliyeiba

Alfajiri, magari ya watalii yanapoteremka Kreta ya Ngorongoro, wageni wakibahatika hukuta picha waliyoitegemea: simba dume kajilaza juu ya mzoga wa nyumbu, uso umelowa damu, na fisi saba au wanane wanazungukazunguka kwa mbali, vichwa chini. Hakuna anayehitaji maelezo. Simba kawinda, fisi anavizia kudokoa. Ndivyo tulivyosimuliwa na bibi zetu, ambao fisi wao alikuwa mlafi na mjinga siku zote, na ndivyo Wamarekani walivyowachorea watoto wa dunia nzima mwaka 1994 katika filamu ya Lion King, ambamo fisi mmoja alipewa jina la Shenzi, tena kwa Kiswahili chetu wenyewe. Hata wahifadhi na wasomi waliandika hivyohivyo kwa miaka mingi.

Miaka ya 1960 Hans Kruuk, mtafiti kutoka Uholanzi, aliamua kuwafuata fisi usiku. Aliendesha gari kwenye mbalamwezi, akasikiliza wanakopigia kelele, akakaa nao hadi kunapambazuka. Alichokiona kilipindua hadithi nzima. Fisi-madoa wa Ngorongoro walikuwa wakijiwindia, tena kwa ustadi. Humchagua nyumbu mmoja kundini, humkimbiza hata kilomita kadhaa mpaka pumzi zimwishie, kisha humwangusha na kuanza kumla kabla hajakata roho. Kula kwao kuna makelele: wanagombana, wanacheka, wanaitana. Simba anayasikia makelele hayo, ananyanyuka, anakuja na kuwafukuza wenye nyama. Jua likichomoza, yeye yuko juu ya mzoga na waliouhangaikia wako pembeni wakisubiri masalia. Kitabu cha Kruuk kuhusu fisi-madoa kilitoka mwaka 1972, na tangu hapo hakuna mtaalamu wa wanyama anayesema kwamba fisi huishi kwa makombo ya simba.

Uhusiano wa simba na sauti ya fisi ni wa uhakika kiasi kwamba watafiti huutumia kazini. Wakitaka kuhesabu simba wa eneo fulani, hufunga spika juu ya gari na kupiga sauti za fisi waliorekodiwa wakigombea mzoga. Simba huja wenyewe.

Nisieleweke vibaya. Fisi naye si malaika. Huwapora duma, chui na mbwa mwitu kila apatapo nafasi, na simba wenyewe hawapumziki. Susan Cooper, aliyewachunguza wanyama hawa Savuti nchini Botswana, aliandika mwaka 1991 kwamba fisi wakifika takriban wanne kwa kila simba jike mmoja, na dume hayupo, huweza kuwaondoa simba kwenye nyama yao. Dume likiwepo, wingi huo haufui dafu. Kwa hiyo nani mwizi na nani mwibiwa hutegemea idadi ya waliopo usiku huo, jinsia yao, na nani amefika kwanza. Spishi moja huwa jambazi mahali hapa na mhanga mahali pale.

Wanabiolojia huita tabia hii kleptoparasitizimu, yaani kuishi kwa kupora chakula ambacho mwingine ameshakitafuta. Mwaka 1979 Jane Brockmann na Christopher Barnard walipitia taarifa za uporaji miongoni mwa ndege na kuuliza swali ambalo mpelelezi wa polisi angeliuliza: unatokea wapi hasa? Majibu yao yanaingia akilini. Unatokea pale wenye chakula wanapokusanyika wengi, chakula kinapokuwa kikubwa na cha kuonekana kwa macho, kinapopatikana mahali na wakati unaotabirika, na njaa inapobana. Mdudu mmoja mdogo anamezwa kabla mporaji hajageuza shingo. Mzoga wa nyumbu mbugani unachukua saa nzima, unanuka, na tai wanaomiminika angani wanautangaza kwa kila mwenye macho. Chui amelijua hilo, ndiyo maana huburuta mzoga wake hadi juu ya mti. Duma hana nguvu hizo, hivyo huwinda zaidi mchana wakati simba na fisi wamelala, hula haraka, na akivamiwa huondoka bila kupigana. Mguu ukivunjika, hakuna atakayemwindia.

Gharama ya kuibiwa inaweza kupimwa. Martyn Gorman na wenzake walipima nishati wanayotumia mbwa mwitu wa Afrika Kusini na kuchapisha matokeo mwaka 1998. Mbwa hao walikuwa wakiwinda kwa takriban saa tatu na nusu kwa siku, na mbio hizo ziliwatafuna nguvu nyingi mno. Watafiti wakapiga hesabu: wakiporwa robo ya chakula chao, itawabidi wawinde saa 12 kila siku ili kufidia, jambo ambalo mwili hauwezi kulihimili. Utafiti mwingine uliofanyika Botswana na kuchapishwa mwaka 2016 ulipunguza makali ya hesabu hiyo, kwa kuwa mbwa mwitu wa vichakani walionekana kuwinda kwa mbio fupi zisizochosha sana. Mahali penye uwanda mpana na fisi wengi, hata hivyo, mbwa mwitu huwa wachache, na sioni sababu ya kushangaa.

Huo ni wizi wa mabavu. Upo pia wa ulimi, na bingwa wake ni ndege mweusi ambaye wengi wetu tumemwona kwenye nyaya za umeme na matawi makavu: mramba, mwenye mkia wa panda. Tom Flower aliwafuatilia mramba katika jangwa la Kalahari kwa miaka kadhaa. Ndege huyu hukaa juu ya mti akiwaangalia nguchiro wa jangwani na ndege wengine wanaochakura ardhini. Mwewe akitokea, mramba hupiga mlio wa hatari, na wote hukimbilia mafichoni. Hapo amesema kweli, na amewaokoa. Lakini siku nyingine, nguchiro akifukua nge mnono, mramba hupiga mlio uleule ilhali hakuna mwewe wala kivuli chake. Nguchiro anatupa nge na kukimbia, naye mramba anashuka kuokota. Ni mchezo wa yule kibaka wa sokoni ambaye hupaza sauti “Mwizi! Mwizi!” huku akinyooshea kidole kwingine, watu wakageuka, pochi ikaenda.

Flower alikadiria kuwa karibu robo ya chakula cha mramba hao kinatokana na wizi. Sasa, kwa nini hawa wanaoibiwa hawamzoei wakampuuza? Kwanza kwa sababu mara nyingi anasema kweli, na kumpuuza siku mwewe amekuja kweli ni kifo. Nge mmoja ni bei ndogo. Pili, na hili ndilo lililochapishwa mwaka 2014 katika jarida la Science, mramba hubadilisha milio. Kwa jumla Flower na wenzake walirekodi milio ya hatari ipatayo 50, mingi ikiwa imeigwa kutoka kwa ndege na wanyama wengine, ikiwamo ya wale wale anaowaibia. Mlio mmoja ukikosa kufanya kazi, anatumia mwingine, na wahanga wanashtuka upya. Waswahili tumezoea kusema za mwizi ni arobaini. Mramba huzihesabu upya kila zinapokaribia kutimia.

Hata hivyo ipo hesabu isiyomwacha mwizi yeyote, awe na ulimi au mabavu. Mwaka 1981 Barnard, yule yule wa utafiti wa ndege, akiwa na Richard Sibly, aliwatazama shomoro wakila na kueleza mchezo wenye pande mbili: wanaotafuta chakula wenyewe na wanaodandia cha wenzao. Mdandiaji mmoja katikati ya watafutaji kumi anakula vizuri, pengine kuliko wao. Wakiwa watano, wanagombania kidogo kilekile. Wote wakiwa wadandiaji, hakuna atakayefukua kitu na kundi zima linalala njaa. Kwa hiyo kila kundi huelekea kwenye uwiano fulani ambao kudandia hakulipi zaidi ya kutafuta. Mwaka 2000 Kieron Mottley na Luc-Alain Giraldeau walitengeneza kizimba chenye upande wa watafutaji na upande wa wadandiaji, wakaweka humo ndege wadogo wala mbegu walioruhusiwa kuchagua upande. Baada ya siku kadhaa ndege walijigawa karibu sawasawa na hesabu ilivyotabiri. Ninaipenda nadharia hii kwa sababu haihitaji polisi wala dhamiri. Wizi unajibana wenyewe.

Wapo waliokwenda mbali zaidi hadi hawawezi kurudi. Miongoni mwa nyuki wadogo wasiouma, ndugu wa wale wanaofugwa Pemba na sehemu nyingi za bara kwa asali yao ya dawa, kuna jamii za kupora tu. Afrika wanaitwa Cleptotrigona, na Amerika ya Kusini na ya Kati Lestrimelitta. Hawaendi kwenye maua. Huvamia mizinga ya nyuki wenzao na kubeba asali na chavua iliyokwishatengenezwa. Wale wa Amerika hutoa harufu kali kama ya limau inayowavuruga walinzi wa mzinga. Miguu yao ya nyuma imepoteza vikapu vya kubebea chavua ambavyo nyuki wengine wanavyo. Hata wangetaka kuacha wizi leo, hawana tena zana za kufanyia kazi.

Tumebaki sisi. Karibu kabisa na Kreta ya Ngorongoro liko Bonde la Olduvai, ambako Mary Leakey aliokota fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959. Mahali hapohapo, penye umri wa takriban miaka milioni 1.8, palijaa zana za mawe na mifupa ya wanyama. Tangu mwaka 1981 wataalamu wamekuwa wakisoma mikwaruzo ya mifupa hiyo: mingine ni ya visu vya mawe, mingine ya meno ya wanyama walao nyama. Robert Blumenschine alidai kuwa wahenga wetu walifika wakati simba na chui wameshashiba, wakapasua mifupa kupata uboho. Henry Bunn na wengine walijibu kuwa walifika mapema, nyama ikiwa bado ipo.

Mabishano hayo yanakosa ladha bila kuwataja Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, kusini ya hapo. Watafiti walioishi nao miaka ya 1980 waliandika mwaka 1988 kwamba, pamoja na uwindaji wao wa upinde na mshale, hawakuacha nyama iliyowindwa na wengine. Wakisikia simba wakinguruma usiku au wakiona tai wakishuka, hukimbilia huko na kuwafukuza simba kwenye mzoga. Ni kazi ya ujasiri na maarifa, na hakuna Mhadzabe anayeona haya kwayo, kama ambavyo simba haoni haya mbele ya fisi.

Mimi naegemea upande wa Bunn. Alama za visu zimeonekana hata kwenye mifupa ya sehemu zenye nyama nyingi, ambazo simba huzimaliza mwanzoni. Aliyekata hapo alifika kabla simba hajashiba. Lakini kufika mapema si ushahidi kwamba aliwinda mwenyewe. Kundi la watu wenye mawe na fimbo lililomkimbiza simba kwenye swala wake lingeacha alama zilezile, mahali palepale, na mikwaruzo ya mifupa peke yake haitoshi kuyatenga makundi hayo mawili.